Sasisho thabiti au la mapema? Uzoefu wangu na seva ya nyumbani

Nina seva ndogo ya kuhifadhia data nyumbani, mwaka wa nne sasa. Ni kisanduku chenye diski nne za terabaiti 4 kila moja, mfumo wa bure uliojengwa juu ya Debian (aina ya Linux), na data zote ziko kwenye ZFS, yaani mfumo unaopanga na kulinda mafaili kwenye diski. Humo mna picha za familia nzima, hati zetu, na rekodi za sauti za marehemu mama tulizozitoa kwenye simu yake. Nimetumia mikondo yote miwili ya masasisho: ule thabiti, na ule wa mapema unaokuletea toleo jipya mara tu linapotoka. Msimamo wangu leo ni kwamba seva yenye data za watu ikae kwenye mkondo thabiti. Sababu yangu, hata hivyo, si ile inayotajwa mara nyingi.

Watu husema toleo jipya lina kasoro nyingi. Ni kweli kwa kiasi, lakini kasoro hurekebishwa. Isitoshe, mfumo wangu, kama mingi ya aina hii, hutunza mazingira ya zamani ya kuwashia: ukisasisha na mambo yakaenda kombo, unawasha upya, unachagua toleo la jana kwenye orodha, umerudi ulikokuwa. Hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kuhamia mkondo wa mapema. Kumbe kurudi huko kunahusu mfumo peke yake. Diski zina habari yake, na programu zilizomo zina habari yake.

Ilikuwa Ijumaa usiku. Sasisho lilichukua kama dakika kumi na mbili, seva ikajiwasha, nikaingia, kila kitu kijani. Juu kulia kulikuwa na kengele ya njano. Ilisema puli yangu, yaani zile diski nne zilizounganishwa kuwa hifadhi moja, ina vipengele vipya ambavyo havijawashwa. Kando yake palikuwa na kitufe cha kuipandisha. Nikabonyeza. Sekunde mbili tu kengele ikatoweka, nami nikaenda kulala.

Jumapili dada akanipigia. "Kaka, nikifungua video inaganda, halafu seva yenyewe inapotea kabisa." Nikajaribu kunakili folda ya gigabaiti 60. Kwa waya wa gigabiti moja nimezoea kupata megabaiti 110 hivi kwa sekunde. Ilianza vizuri, baada ya dakika chache kasi ikaporomoka hadi sifuri, kadi ya mtandao ikakatika, ikajiunga tena, ikakatika tena. Kiendeshi, yaani programu inayoendesha kadi, kilichokuja na kerneli mpya (kiini cha mfumo) hakikupatana na kadi yangu. Sikuhofia, nikachagua toleo la zamani na kuwasha upya.

Seva iliwaka, lakini hifadhi haikuwepo. Mahali pa puli palikuwa na mstari mmoja ukisema inatumia vipengele ambavyo mfumo huu hauvitambui. Presha ilinipanda. Dada alikuwa bado hewani, akauliza kitu kimoja tu: "Rekodi za mama zipo?" Nilishindwa kumjibu papo hapo.

Zilikuwepo. Data hazikuguswa hata kidogo, ila toleo la zamani halikuweza tena kuzisoma. Kupandisha puli ni maji yaliyomwagika, ZFS haina amri ya kuishusha. Njia ya kujinusuru ni kuweka chekipointi, yaani alama ya kurudia hali ya puli nzima, kabla ya kubonyeza, nami sikuweka. Hata chekipointi yenyewe ina gharama: ukiirudia, kila kilichoandikwa baada yake kinafutika. Basi ikabidi niwashe tena toleo jipya lenye kadi inayokatika, nikachomeka adapta ya mtandao ya USB, tukaishi hivyo siku 11 mpaka marekebisho yalipotoka.

Programu ya picha nayo ilikuwa na lake. Sasisho lile liliiletea toleo jipya, nalo likahamisha hifadhidata yake hadi toleo kubwa lililofuata la PostgreSQL, programu inayoiendesha hifadhidata hiyo. PostgreSQL ya zamani haisomi mafaili ya data ya toleo kubwa jipya. Kwa hiyo hata kama puli ingekubali, ile programu isingewaka bila snapshoti (picha ya hali ya data kwa wakati fulani) ya folda yake iliyochukuliwa kabla ya kusasisha. Kurudisha mfumo nyuma hakurudishi hayo.

Tangu siku ile nimeacha kuuliza kama sasisho ni jipya. Nauliza lina mabadiliko gani yasiyorudi nyuma, na mangapi kati ya hayo yanafanyika yenyewe bila mimi kuombwa. Toleo la mapema huwa nayo mengi. Mkondo thabiti huleta mabadiliko hayo hayo, lakini huyaleta wakati wengine wameshayapitia na kadi zao za mtandao, diski zao na programu zao, na maelezo ya toleo yameshaandikwa maonyo ambayo siku ya kwanza hayakuwemo.

Hata hivyo, thabiti si ngao ya kila kitu, na hapa naomba wenzangu tuwe wakweli. Oktoba 2023 ilitoka OpenZFS 2.2.0 (OpenZFS ndiyo ZFS ya bure), yenye uwezo mpya wa kunakili faili bila kuandika upya data zake. Wiki chache baadaye watu wakaanza kukuta faili zilizonakiliwa zina vipande vilivyojaa sifuri mahali pa data. Novemba ikatoka 2.2.1 ikiwa imezima uwezo huo. Uchunguzi ukaonyesha mzizi uko kwingine: kasoro yenyewe ilikuwemo hata kwenye matoleo ya zamani, ila ilikuwa adimu mno kuonekana. Ikabidi marekebisho yatolewe kwa pande zote mbili, 2.2.2 kwa waliotangulia na 2.1.14 kwa waliobaki nyuma. Kinachonitisha zaidi kwenye kisa hicho ni kwamba ukaguzi wa diski usingekionyesha, kwa sababu zile sifuri ziliandikwa kama data halali, na hesabu zake za uhakiki, yaani namba ambazo ZFS hutumia kugundua data iliyoharibika, zilikuwa sahihi.

Kwa hiyo waliokuwa mbele ndio walioikuta kasoro, na marekebisho yakawafikia hata waliokuwa nyuma. Nawaheshimu sana watu hao. Bila mtu wa kutangulia na kuripoti, neno "thabiti" halina maana yoyote.

Na mapema ina raha yake. Kwa miaka mingi mwenye RAIDZ, mpango wa ZFS wa kuunganisha diski ili moja ikifa data zibaki, hakuweza kuongeza diski moja tu kwenye kundi lililopo. Ulilazimika kuongeza kundi zima, kubadilisha diski zote moja baada ya nyingine, au kujenga upya. OpenZFS 2.3 ya Januari 2025 ndiyo iliyoleta upanuzi huo. Niliutaka kwa hamu kubwa, kwani hifadhi yangu ilikuwa imebakiza nafasi ndogo sana. Lakini nilisubiri uingie mkondo thabiti, na ulipoingia nilipandisha puli nikijua ninachokifanya, huku bekapu kamili ikiwa kwenye diski ya nje iliyochomolewa. Diski ya tano ilianza kuunganishwa Jumamosi asubuhi, kazi ikaisha Jumatatu. Seva iliendelea kutumika muda wote. Jambo moja la kufahamu: faili za zamani hubaki na mgawanyo wa zamani mpaka ziandikwe upya, kwa hiyo nafasi utakayoiona mwanzoni itakuwa pungufu kuliko uliyoipigia hesabu.

Kitu kimoja nakikataa kabisa, nacho ni kuchukua neno thabiti kama ruhusa ya kutosasisha. Marekebisho ya usalama nayaweka siku yanapotoka. Januari 2022, programu ya kudai fidia iitwayo Deadbolt iliingia kwenye seva za nyumbani za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo ya bitkoini. Kwa mkondo thabiti, mimi huchelewesha toleo kubwa tu, hadi marekebisho yake ya pili au ya tatu yatoke. Tundu la usalama sicheleweshi. Na seva yangu haina mlango wa moja kwa moja kutoka nje, hata ikiwa imesasishwa vipi.

Kama una kompyuta moja tu na data zako hazina nakala nyingine, usiguse mkondo wa mapema, kwanza tafuta diski ya bekapu. Kama una kompyuta kuukuu imekaa bure, ifanye ya majaribio. Yangu ina diski mbili ndogo na gigabaiti 8 za ramu, na ndiyo iliyo kwenye mkondo wa mapema siku hizi. Naipa faili ya gigabaiti 40, nainakili kwenda na kurudi, nalinganisha hesabu zake za SHA-256, aina ya alama ya kidole ya faili, nione kama haijabadilika. Naipakulia faili la mipangilio la seva kubwa nione kama linasomeka. Ikivuka wiki mbili bila tatizo, ndipo ninaanza kusoma maelezo ya toleo kwa ajili ya seva kubwa, nikitafuta sehemu moja tu kwanza: kitu gani hakirudi nyuma.

Kwenye seva kubwa kengele ya njano imewaka tena tangu sasisho la mwisho. Nimeiacha hapo hapo. Ile ya majaribio iko siku ya tisa na toleo jipya, na leo usiku nitaizima umeme katikati ya kunakili nione inavyoamka.