Ufalme wangu wa Munster ulifutwa Kisumu, na aliyeufuta hakusema pole

Nilikuwa nimebakiza kaunti moja niwe mfalme wa Ayalandi nzima ndani ya gemu. Moja! Jambo lenyewe ni la wiki kadhaa zilizopita, kipindi kile mvua ilikuwa ikinyesha Kisumu kila jioni na stima ikipotea kila radi inapopiga, lakini nikilikumbuka bado nashindwa kukaa kitini.

Gemu ni Crusader Kings III, ya kompyuta, ambayo unatawala nchi na ukoo wa zama za kati. Mambo ya kompyuta gani inaifaa na inauzwaje mtayapata kwingine. Mimi nataka kusema habari ya kuianza ukiwa mtawala mdogo, halafu niseme nilichotendewa katika nyumba ya michezo ninayochezea hapa mjini, ghorofa ya pili, mahali ambapo nimepeleka pesa zangu za Jumamosi tangu mwaka jana.

Nilichagua kuanza mwaka wa 1066. Wengi wakiona mwaka huo hukimbilia wakubwa: William wa Normandy, Harold Godwinson wa Uingereza, Harald Hardrada wa Norwe. Gemu inafunguka tarehe 15 Septemba, mwezi mmoja tu kabla ya vita vya Hastings vya kugombea taji la Uingereza, na hao watatu wameshakunja ngumi. Nikawaacha wagombane. Nikavuka maji hadi Ayalandi, nikamshika Murchad, mfalme mdogo wa Munster, mjukuu wa yule Brian Boru aliyeuawa Clontarf mwaka 1014. Jina kubwa, hazina nyepesi.

Na hapo ndipo kuna utamu ambao mfalme wa Ufaransa hataujua. Mkubwa akipoteza askari mia mbili hashtuki. Wewe mdogo unawajua askari wako karibu mmoja mmoja. Dhahabu inaingia kwa matone. Nilimtuma askofu wangu akatafute hoja ya kudai kaunti ya jirani, nikakaa nikisubiri miaka ya gemu, kila mwezi nahesabu hazina kama mama anayehesabu pesa za unga. Binti yangu nilimwoza katika ukoo wa Diarmait wa Leinster, ambaye wakati huo hakuna mwenye nguvu kama yake kisiwani kote. Siku Diarmait alipokubali kunisaidia vitani nilipiga meza, mpaka mtu wa mashine ya pembeni akavua vifaa vyake vya masikio kuuliza kuna nini.

Ramani ya gemu haifiki Ziwa Victoria, na hilo linaniuma kidogo. Lakini mtu aliyekulia Magharibi anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga aliyefariki mwaka 1949, alikuza jina lake kwa kushikana na misafara ya Waswahili kutoka pwani, kisha na Waingereza, na majirani zake waliuona uzito wa urafiki huo. Mdogo hushika mkono wa mkubwa, huku akichunga mkono huo usimgeukie.

Kisha Murchad akafa, akaacha wana watatu. Mtawala wako akifa, unaendelea kucheza na mrithi wake.

Katika zama hizo za mwanzo sheria ya gemu ni kugawa. Huwezi kumpa mkubwa vyote hata ukitaka. Kila mwana anakatiwa chake. Nilitazama kaunti nilizozitafuta kwa jasho zikibadilika rangi mbele yangu, na sikuona gemu, niliona shamba la babu kule Maragoli. Babu alikuwa na wana watano. Baba alipata ukanda mwembamba unaoteremka hadi kijito, na ukanda huo sasa unatusubiri sisi ndugu wanne. Ukisimama kwa jirani mmoja ukarusha jiwe, linaangukia kwa jirani wa pili. Kwa hiyo msiniambie kwamba kugawanyika kwa Munster ni michoro kwenye kioo. Nilijua kabisa yule mrithi wangu alihisi nini alipowatazama wadogo zake mezani.

Nilimlea mrithi huyo. Alikuwa mtu wa huruma, na gemu haikuachii uisahau tabia ya mtu wako: kila nilipotaka amnyonge mfungwa, mkazo wa moyo wake ulipanda, nikahofia ataugua. Basi nikajifunza kuwa mpole. Nilimwachilia ndugu aliyeniasi, na miaka baadaye ndugu huyohuyo akanipigania. Kaunti zikarudi, nyingine kwa vita, nyingine kwa sababu jasusi wangu aligundua siri ya bwana mmoja aliyekuwa na mke wa mwenzake. Ili ujitangaze mfalme wa Ayalandi nzima lazima ushike zaidi ya nusu ya kaunti zake na uwe na dhahabu ya kulipia taji. Dhahabu nilikuwa nayo. Hoja ya kudai kaunti ya mwisho askofu alikuwa ameshaileta. Siku hiyo ikagonga saa mbili usiku, matatu za kwenda Mamboleo zinaanza kupungua, nikasema basi, nitatangaza vita Jumamosi ijayo, nikiwa nimetulia.

Sasa sikilizeni. Nilicheza kwa ile njia ya Ironman. Faili ni moja tu, gemu inajihifadhi juu ya faili hilohilo, ukikosea hakuna kurudi nyuma. Ndiyo njia pekee inayompa mtawala mdogo hofu yake halali. Nilimweleza mhudumu jambo hili mara mbili. Nilibandika karatasi kwenye mashine namba 4: TAFADHALI USIFUTE. Akasema, “Sawa sawa.” Alisema hivyo kwa mdomo wake.

Jumamosi nikafika, shati limelowa mvua, chai ya mama wa chini ya ngazi mkononi. Nikafungua. Hakuna kitu. Hakuna Munster, hakuna mrithi wangu mwenye huruma, hakuna chochote.

Nikamwuliza mhudumu. Hakugeuza hata shingo.

“Nilifuta. Nafasi ilijaa, watu wanataka mpira.”

Gemu ya mpira inakula gigabaiti kwa makumi. Faili langu halikufika hata megabaiti mia! Ni sawa na mtu anayetaka kuingiza kabati chumbani akaanza kwa kutupa picha ya ndoa iliyo ukutani. Halikumpa nafasi yoyote. Nikamweleza hivyo, kwa sauti ya chini kabisa, maana mimi si mtu wa kelele. Ndipo akanitazama.

“Buda, hiyo ni gemu tu. Anza tena.”

Sikutaka pesa, wala sikutaka afukuzwe. Nilikuwa nasubiri neno moja. Mtu akijikwaa barabarani kwa jiwe ambalo hukuliweka wewe, unamwambia pole. Mwenzako akipiga chafya unamwambia pole. Mtoto wa miaka mitatu anajua kusema pole! Huyu alifuta miaka sitini na kitu ya ukoo niliouchunga kama ng'ombe, na alichonipa ni “buda”.

Nilishuka ngazi nikiwa nimeamua kuandika kwamba asiende mtu pale.

Haki isemwe lakini. Mashine zao ni nzuri, hazikwami hata ramani nzima ikiwa na vita. Shilingi mia kwa saa kwa mashine za namna ile si bei mbaya. Feni zinafanya kazi, na kwa joto la Kisumu hilo si jambo dogo. Tena mwenye nyumba hiyo ya michezo alipata habari, akanipigia simu mwenyewe usiku huohuo. “Pole sana, kijana wangu,” akasema, hata kabla sijamaliza salamu. Akanipa saa tatu za bure. Nilipokata simu hasira ilikuwa imeshuka nusu, na kama ningeandika usiku ule ningewapa nyota nne.

Ila nilipolala nikaanza kufikiri. Saa tatu za bure zinanirudishia nini? Kwa saa tatu Murchad hajamaliza hata vita vyake vya kwanza. Na yule kijana bado yuko pale, anakaa kwenye kiti kilekile, funguo za kila mashine mkononi mwake. Leo ni mimi, kesho ni mwanafunzi wa Maseno aliyeacha kazi yake ya chuo kwenye mashine namba 7 akaenda kula. Nyota nne za nini? Moja. Na hiyo moja ni ya mwenye nyumba na ile “kijana wangu” yake.

Gemu niliichukia pia kwa siku mbili tatu. Nilisema haiwezekani mtu aweke moyo wake kwenye faili moja. Hilo naliondoa. Kama ningekuwa na faili kumi za akiba nisingepiga meza Diarmait alipokubali, wala nisingelala nikiwaza habari ya ndugu niliyemwachilia. Kwa kuanza ukiwa mdogo sijaona gemu ya kuilinganisha nayo, na anayeanza na William wa Normandy amejinyima mwenyewe.

Nimerudi palepale, ndiyo. Mashine za namna ile sijaziona kwingine karibu. Jumamosi iliyopita nilianza upya, Munster, Septemba 1066. Flashi iko shingoni kwa kamba na kila nikimaliza nanakili faili kabla sijainuka. Askofu ameshatumwa. Binti hajaolewa bado, nafikiria safari hii nimpeleke kwingine.

Yule kijana alipita nyuma yangu. Akasimama, akaitazama ramani kwa muda. Nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikasubiri.

Akaniuliza kama nitaongeza saa.