Kozi ya Kiingereza cha hali ya hewa: nyota nne

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja, wengi wao Waingereza na Wamarekani. Kabla hawajafika kwenye shida iliyowafanya wapige, mara nyingi hutupia neno kuhusu mvua au jua, na namna ninavyolipokea neno hilo hubadilisha mazungumzo yote yanayofuata. Kwa hiyo nilijisajili kwenye kozi fupi ya mtandaoni, ya kusikiliza na kurudia, iliyotungwa kwa ajili ya sisi tunaozungumza Kiswahili. Inafundisha jambo moja tu: kuzungumzia hali ya hewa kwa Kiingereza chenye sarufi safi kisichosikika kama kimesomwa kitabuni.

Somo la kwanza ndilo lililonikamata. Mwalimu haanzi na orodha ya msamiati, anaanza na Kiswahili chetu. Kwetu kila kitu cha angani kina kazi yake: mvua inanyesha, jua linawaka, upepo unavuma, radi inapiga. Baridi tunaisikia. Ukiyabeba hayo jinsi yalivyo, unajikuta unasema "Rain is falling" au "I am hearing cold". La kwanza halina kosa la sarufi, ila hakuna anayelisema kwenye simu. La pili halisimami kabisa. Kiingereza hutanguliza "it", kiwakilishi ambacho hapo hakiwakilishi chochote, kwa sababu sentensi yake haikubali kukaa bila kiima: "It's raining", "It's windy", "It's freezing". Halafu anaonyesha kwamba "It's raining" ni inanyesha, na "It rains a lot here" ni hunyesha. Nimesoma vitabu vingi vya sarufi na hakuna kilichonieleza hilo kwa kutumia hu- yetu wenyewe. Ni ufundishaji wa mtu anayezijua lugha zote mbili na anayetuheshimu.

Masomo ya katikati yanakwenda haraka, na ni sawa, kwa kuwa ni mambo ya kukariri tu. Mvua kubwa ni "heavy rain", si "big rain". Upepo mkali ni "strong wind". Unauliza "What's the weather like?" au "How's the weather?", lakini huzichanganyi zikawa moja. Unasema "What a lovely day!" lakini "What lovely weather!", bila "a", kwa sababu "weather" haihesabiki. Na "I'm cold" ni kusikia baridi, ilhali "I've got a cold" ni mafua.

Kisha linakuja somo la kujibu, na kwa hilo tu ningelipia kozi nzima. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson aliandika mwaka 1758 kwamba Waingereza wawili wakikutana huanza na hali ya hewa, na kozi inalichukulia jambo hilo kwa uzito unaostahili. Mtu akisema "Lovely day, isn't it?" huku sauti ikishuka mwishoni, haombi taarifa. Ni kama anayekuuliza habari za asubuhi. Unakubaliana naye, unaongeza kidogo, unamrudishia: "Gorgeous, isn't it? Let's hope it lasts." Ukijibu "Yes" na kunyamaza, sarufi yako iko salama lakini umefunga mlango. Mazoezi ya hapa yanakuachia nafasi ya kimya ujibu mwenyewe, kisha unasikia majibu kadhaa yanayofaa badala ya moja. Nimeyarudia mara nyingi sana.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu mbili. Somo la nahau linasifu "It's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa sana, kana kwamba ndiyo kauli ya kila siku. Wazawa wanaielewa, ila katika maongezi ya kawaida utasikia zaidi "It's pouring". Sababu ya pili ni nzito zaidi: hakuna neno hata moja kuhusu Fahrenheit, kipimo cha joto wanachotumia Wamarekani. Mmarekani akisema "It's in the nineties" anazungumzia joto la kama nyuzi 32 hadi 37 za Selsiasi, na akisema "It's twenty out" maji yameganda, maana hiyo ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Anayefikiri kwa Selsiasi atamwambia "How nice and warm!", sentensi isiyo na kosa lolote la sarufi, kwa mtu anayetetemeka.

Anayeanza Kiingereza kabisa asubiri kwanza, kwa kuwa mazungumzo yamerekodiwa kwa kasi ya kawaida na hayana maandishi ya kufuatia. Aliyekwisha kumudu sentensi rahisi aingie, alipite somo la nahau, na muda huo autumie kwenye lile la kujibu.