Udongo, lami, zege au vipande: uwanja upi wa BMX unafaa Kisumu?

Mji ukitangaza kwamba unataka uwanja wa BMX, yaani baiskeli ndogo za kurukia matuta, bidhaa nne hufika mezani: matuta ya udongo, pampu-traki (njia ya mzunguko yenye matuta na kona zilizoinuka) ya lami, uwanja wa zege na vipande vya kuunganisha vilivyotengenezwa kiwandani. Hapa zinapimwa kwa kiwanja kimoja cha mita 25 kwa 40 kilichoko Kisumu, juu ya udongo mweusi, chenye mzunguko wa mita 120 na njia ya upana wa mita 2. Mteja ni kijana anayekuja na baiskeli yoyote aliyo nayo. Huku ndiko boda boda ilikoanza kwa baiskeli, mpakani Busia, kwa hiyo nyingi zitakazofika getini ni Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, na za mtumba, si BMX ya magurudumu ya inchi 20.

Njia ya mashindano kamili imeachwa nje ya tathmini hii. Mashindano ya BMX yameingia Olimpiki tangu Beijing 2008, na huko waendeshaji 8 huteremka pamoja kutoka kilima cha mita 8. Njia ya aina hiyo ina urefu wa mita 300 hadi 400, na lango lake la kuanzia linahitaji mtambo na mtu wa kuuendesha. Mtu huyo akikosekana, mji unabaki na kilima. Pampu-traki haimhitaji: ukiwa umeipanda, unasukuma baiskeli kwa mikono na miguu juu ya matuta, inakwenda bila kukanyaga pedali.

Kabla ya uso wowote, chimba. Udongo mweusi wa Kisumu hupasuka wakati wa kiangazi hadi kiganja kikaingia ufani, halafu mvua za Machi hadi Mei zikija unavimba na kuinua kila kilichoko juu yake. Lami ya sentimita 5 haiwezi kuushinda. Ondoa angalau nusu mita kwenye kiwanja chote na ujaze murram, udongo wa changarawe wa barabarani. Hesabu yake ni mita za ujazo 500 zilizoshindiliwa, yaani takriban 625 zikiwa hazijashindiliwa, sawa na tipa 63 za mita za ujazo 10. Matuta na kona zenyewe hazifiki tipa 25. Ukiona makadirio ambayo kazi ya chini ni ndogo kuliko kazi ya juu, uliza mara mbili.

Uliza pia udongo uliochimbwa unapelekwa wapi. Ukichimbwa huongezeka, kwa hiyo ni zaidi ya safari 60 za kuutoa, na makandarasi wengi husahau kuziandika. Matokeo yake udongo huohuo unarundikwa na kufanywa kona, kisha unafunikwa murram kidogo. Kona hiyo itapasuka kwa urefu kabla mvua ya pili haijafika.

Uwanja wa udongo ndio wa bei ya chini, na kwa wanaojua kazi ndio mtamu zaidi kuendesha, maana tuta lisilokaa vizuri linarekebishwa kwa koleo jioni hiyohiyo. Murram inashindiliwa kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, ikiwa na unyevu wake. Ikamate kwenye ngumi: ikibaki tonge na kukatika vipande viwili ukiibonyeza kwa kidole gumba, iko tayari, ikimwagika, ongeza maji, ikiacha matope kiganjani, subiri jua. Shida ni kwamba uwanja wa umma hauna mwenye koleo. Mvua moja ya alasiri ya Kisumu inachonga mifereji kwenye miteremko, ng'ombe na mbuzi wa mjini wanamalizia kwato. Kakamega, ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha, usijaribu kabisa. Alama 4 kati ya 10, na 7 pale ambapo kuna kikundi kinacholipwa kuutunza kila wiki.

Lami ndiyo inayoshinda, lakini si lami ya barabara. Eneo la kufunikwa, pamoja na kuta za kona, ni takriban mita za mraba 400. Kwa unene wa sentimita 5 hiyo ni mita za ujazo 20, karibu tani 48, na uweke tano zaidi za kupotea. Kokoto yake isizidi milimita 10. Mkandarasi wa barabara akileta mchanganyiko wenye kokoto kubwa, uso unabaki na mashimo, kileleni mwa tuta mawe yanaanza kung'oka, na mtoto akianguka anaacha ngozi ya kiganja pale. Mashine ya kutandaza haiingii, kila kitu ni toroli, reki na kampakta ndogo, mashine ya kushindilia. Kwenye kuta za kona kampakta hushikwa kwa kamba kutoka juu. Lami inapoa huku watu wakihangaika, kwa hiyo lori lisilete zaidi ya kile kikosi kinaweza kumaliza kikiwa bado moto. Palipounganishwa lami baridi na moto ndipo maji huingilia.

Umbo lipimwe kabla lami haijaja. Umbali kati ya vilele uwe takriban mara kumi ya kimo: tuta la sentimita 35, mita 3.5. Ukiyabana zaidi, Black Mamba, ambayo ni ndefu kuliko BMX, inagonga badala ya kuelea. Kona ziinuke mita 1.2 hivi. Murram ikishashindiliwa, wape watu wawili baiskeli, mzoefu na mgeni. Mzoefu akilazimika kukanyaga pedali ili amalize mzunguko, kuna tuta limekaa vibaya, na siku hiyo kulisogeza ni kazi ya koleo tu. Baada ya lami ni kazi ya nyundo na mtalimbo. Roma, Lesotho, wana pampu-traki ya lami, kwa hiyo jambo hili si geni Afrika. Alama 8.

Lami inapoteza hizo mbili kwa sababu ya maji. Kila bonde lililozungukwa na kona ni beseni, lisipowekewa bomba la milimita 160 chini ya njia linageuka bwawa la mbu. Njia yenyewe ilale upande kwa asilimia 2. Kifuniko cha bomba kiwe cha zege, kwa sababu cha chuma kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya ufunguzi. Nakuru hali ni nyingine: udongo wa majivu ya volkeno hunywa maji haraka, lakini bomba likivuja, maji huuchimba chini kwa chini na lami inabaki ikining'inia. Huko viungo vya bomba vikaguliwe kabla ya kufukiwa.

Zege inafaa mabakuli ya kuendeshea ndani na kuta za kufanyia mitindo, kama uwanja wa skeitibodi wa Shangilia kule Kangemi, Nairobi. Kwa matuta ni taabu: kila kiungo kinagonga gurudumu, na zege isipofunikwa magunia yenye maji kwa siku 7 inavunjika uso. Alama 6.

Vipande vya kiwandani vinakuja na boliti na picha nzuri. Vinahitaji sakafu ngumu iliyo sawa, ambayo muuzaji haiweki kwenye bei, na kipande kikivunjika kinasubiri meli. Vinafaa pale tu ambapo hati ya kiwanja ina utata na huenda mkahama. Alama 3.

Kipindi cha dhamana kivuke mvua za Machi hadi Mei. Uwanja ukikabidhiwa Juni na dhamana ikaisha Desemba, mji umekubali kazi isiyojaribiwa na masika. Ua usiwe wa kayaba, miiba yake itamaliza tyubu zote. Na getini weka ukuta wa nusu mita wa kuvukia: baiskeli inabebwa juu yake, pikipiki ya boda boda haibebeki.