Squier Affinity Precision Bass PJ: besi nzuri inayoponzwa na vitu vidogo

Kosa la kawaida la mnunuzi wa Squier Affinity Precision Bass PJ ni kuagiza pikapu mpya kabla hajabadilisha hata uzi mmoja. (Pikapu ya gitaa, yaani sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtetemo wa nyuzi, si ile ya kubebea mkaa.) Anasikia sauti nyembamba yenye kelele, anadhani tatizo ni sumaku, anazitafuta za Marekani kwa pesa nyingi, kisha anachomeka kwenye miksa ileile kwa kebo ileile na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Mbao za besi hii zinatosha kazi. Vinavyoiangusha ni vitu vidogo, na vingi vinarekebishika kwa bisibisi na jioni moja ya utulivu.

Squier ni jina ambalo Fender imelitumia kwa magitaa yake ya bei nafuu tangu 1982. Kati ya ngazi zake, Affinity iko juu ya Sonic na chini ya Classic Vibe. Mwili ni popla, mti mwepesi, na umechongwa mwembamba kidogo. Shingo ni mepo iliyofungwa kwa boliti. Kutoka nati ya juu (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi darajani (zinakofungwa nyuzi mwilini) ni inchi 34, freti ni 20, na nati ina upana wa takriban 38 mm, kwa hiyo mkononi shingo inafanana na Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, kuliko Precision ya zamani. Mwenye vidole vifupi atashukuru. Pikapu ni mbili: ya kati iliyokatwa vipande viwili, umbo ambalo Fender iliweka kwenye Precision mwaka 1957, na ya nyuma iliyonyooka ya mtindo wa Jazz Bass; ndiyo maana ya PJ. Kuna volumu ya kila pikapu na toni moja ya pamoja.

Pikapu ya kati ndiyo sababu ya kununua gitaa hili. Vile vipande viwili vimezungushwa waya kinyume, hivyo kelele za umeme zinajifuta zenyewe. Fungua volumu ya kati yote, funga ya nyuma, teremsha toni hadi nusu, na hapo una sauti inayokaa chini ya ngoma na gitaa la rhythm bila kugombana na mtu. Kwa rumba na kwaya hiyo peke yake inatosha kipindi kizima.

Ya nyuma ni koili moja, yaani zungushio moja la waya, na koili moja hunguruma. Wengi wanatarajia mngurumo upotee wakifungua zote mbili, kama inavyokuwa kwenye Jazz Bass. Haupotei. Kwenye Jazz Bass pikapu mbili za koili moja zinafutana. Hapa ya kati imeshajifuta yenyewe, kwa hiyo ya nyuma haina wa kufutana naye. Usimlaumu fundi kwa hilo. Jambo jingine: ukifungua zote mbili hadi mwisho, sauti za katikati zinazama na besi inapotea bendi ikianza kupiga. Rudisha volumu ya nyuma kidogo tu, kama robo ya mzunguko, na ule mkoromo wa katikati unarudi.

Sasa kazi yenyewe. Besi ya ngazi hii ikitoka kwenye boksi huwa imesafiri mbali, na shingo husogea hewa inapobadilika, hasa ikihama kutoka pwani yenye unyevu kwenda bara kukavu. Anza na shingo, usianze na daraja. Tuni nyuzi zote kwanza. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 (kapo, kile kibanio cha nyuzi, inasaidia) na kwenye freti ya mwisho, halafu tazama pengo kati ya uzi na freti ya 8. Kwa ubao wa vidole wenye mpindo wa nusu kipenyo cha inchi 9.5 kama huu, Fender inataka takriban 0.3 mm. Fila geji ya fundi magari, ile ya kupimia tapeti, ina bamba la kipimo hicho hicho. Pengo likizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kuelekea kulia. Likikosekana kabisa, legeza. Robo ya mzunguko, tuni tena, pima tena. Tundu lake liko kwenye kichwa, na ufunguo wa L uingie bila kucheza. Ukiulazimisha ufunguo usiolingana utaviringisha pembe za tundu, na hapo utakuwa umetoka kwenye kazi ya dakika kumi na kuingia kwenye gharama ya shingo mpya.

Shingo ikishakaa ndipo uende kwenye daraja. Pima kwenye freti ya 17: 2.4 mm chini ya uzi wa E, 2.0 mm chini ya G. Kila kikalio, kile kinachobeba uzi darajani, kina skrubu mbili ndogo. Zishuke sawasawa, la sivyo kikalio kinainama na kuhamia pembeni. Ikiwa vikalio vimegusa chini na nyuzi bado ziko juu, tatizo ni pembe ya shingo. Fungua boliti, weka kipande chembamba cha kadi ngumu, kama 0.5 mm, kwenye mfuko wa shingo upande ulio karibu na daraja, kisha funga tena. Kichwa kinaegemea nyuma na nyuzi zinashuka. Ukiweka kipande hicho upande wa pili utazipandisha, na wapo mafundi wanaolikosea hili kila siku.

Mwisho ni usawa wa sauti kwenye freti ya 12. Linganisha hamoniki ya freti hiyo (sauti ya uzi ulioguswa tu bila kubanwa) na noti iliyobanwa palepale. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya tu. Uzi uliochoka hautulii, utahangaika nao hadi usiku.

Nati ya juu usiiguse kabla ya kupima. Bana uzi kwenye freti ya 3 na utazame freti ya 1: uzi uwe umeinuka kwa unene wa karatasi moja au mbili. Ukiwa umeinuka zaidi, noti za freti ya kwanza zitapanda na mkono utachoka. Mfereji unahitaji tupa nyembamba na subira. Ukichimba kupita kiasi, uzi wazi utaanza kuvuma kama nyuki kwenye freti ya 1. Mafundi hujaza mfereji kwa bikaboneti ya soda na tone la gundi kali, kisha wanachonga upya. Inashika kwa muda, nati mpya ni bora.

Nyuzi ndizo pesa ya kwanza. D'Addario EXL170, yaani 45-65-80-100 za nikeli, zinaifaa besi hii vizuri kwa kila kitu. Ukitaka ile sauti ya zamani, pana na yenye kikomo kifupi, chukua nyuzi bapa (zenye waya wa juu uliosawazishwa laini) za ukubwa uleule, Chromes ECB81. Bapa huvuta shingo zaidi, kwa hiyo rudia kipimo cha 0.3 mm siku chache baada ya kuzifunga, na pengine mifereji ya nati itahitaji kuguswa. James Jamerson wa Motown alitumia bapa nzito za La Bella kwenye Precision yake ya 1962 akapiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, kwa hiyo usikubali kuambiwa bapa ni za wazee. Wakati wa kufunga, acha kama sentimita 10 kupita kirungu cha kukazia, kunja uzi pembe mraba kwanza, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kukunja, ule waya wa juu unalegea kwenye kiini na uzi unakufa ungali mpya. Mizunguko miwili au mitatu, ikishuka chini. Kwa walio karibu na bahari, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Chumvi ya hewani na jasho havina huruma na nikeli.

Ndani ya mfuko wa umeme kuna mambo mawili ya kushughulikia. La kwanza ni soketi ya jeki. Nati yake ikilegea, soketi nzima inazunguka kila unapochomeka, inasokota waya hadi lehemu inakatika, na siku ya ibada kuu sauti inakuja na kuondoka. Kaza nati hiyo mapema, ukishikilia soketi kwa ndani. Ikiwa ulimi wake umechoka, weka Switchcraft ya 11, waya mbili tu za kulehemu. La pili ni kelele. Bandika utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme kwenye kuta zote za mfuko na nyuma ya bamba la plastiki, vipande vipandane kama milimita 5, uunganishe na ardhi ya gitaa kwa waya mmoja, na upime kwa mita kwamba shaba yote inawasiliana. Kisha angalia ulimi wa jeki: ukigusa shaba, gitaa linanyamaza kabisa. Karibu kila anayefanya kazi hii mara ya kwanza anapatwa na hilo na kudhani ameunguza pikapu.

Volumu zikianza kukwaruza, spreyi ya kusafishia viunganishi na mizunguko 20 vinatosha. Zikihitaji kubadilishwa, ziwe A250K, yaani za ohm elfu 250. Herufi A ndiyo inayofanya sauti ipande taratibu badala ya kuruka. Usikubali fundi redio akupe 50K au 100K kwa kuwa ndizo alizonazo, zitakula sauti ya juu. Kapasita ya toni ni 0.047 µF. Mwambie pia waya wa pikapu uende kwenye mguu wa kati wa volumu, si wa pembeni. Akiufunga wa pembeni, ukizima volumu moja zote zinazimika.

Na sasa miksa, ambako ndiko besi nyingi zinauawa. Hili ni gitaa lisilo na betri, na pikapu zake zinataka kuingia kwenye kitu chenye ukinzani wa karibu ohm milioni 1. Mlango wa laini wa miksa una elfu 10 au 20 tu. Ukichomeka moja kwa moja, sauti ya juu inakatika na ya kati inalegea, kisha fundi sauti anainua besi kwenye miksa na spika zinavuma kama pipa. Tafuta mlango ulioandikwa Hi-Z au Inst. Ukikosekana, tumia DI boksi, kile kiboksi cha kuunganisha gitaa na miksa, aina ya umeme inayolishwa na volti 48 za miksa. Ukikosa hiyo pia, pitisha kwanza kwenye pedali yenye bafa, yaani saketi inayozuia sauti ya gitaa isidhoofishwe na miksa: Boss TU-3, ile ya kutunia, inafanya kazi hiyo hata kitunio chake kikiwa kimezimwa, mradi pedali ina umeme. Kifaa hiki kimoja kitabadilisha sauti kuliko pikapu mpya. Na ukipigwa shoti mdomoni unapogusa maiki huku umeshika nyuzi, tatizo ni ardhi ya jengo. Chomoa, mwite fundi umeme. Usikate mguu wa ardhi wa plagi ili kuondoa mngurumo.

Baada ya yote hayo, kama bado unataka pikapu, anza na ya nyuma. DiMarzio Model J ni ya nyuma isiyonguruma, na inamaliza lile tatizo la koili moja. Ukitaka nguvu zaidi kwenye ya kati, Seymour Duncan SPB-3 ina sumaku nene na inapiga kwa sauti kubwa, lakini itaizidi ya nyuma, kwa hiyo ishushe kidogo. Pima mfuko wa nyuma kabla ya kulipa, maana pikapu za Jazz zina urefu wa aina mbili, takriban 91 na 94 mm. Ukichanganya kampuni mbili na sauti ikawa nyembamba kama ya redio ndogo pale tu unapofungua zote, zimepingana mwelekeo: badilisha nafasi ya waya mbili za pikapu moja. Kimo cha kuanzia, ukibana freti ya mwisho, ni karibu 3 mm chini ya E na 2 mm chini ya G.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna bisibisi itakayoiondoa. Kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, shingo za aina ya Fender huwa na noti inayokufa haraka kuliko jirani zake, kwa sababu shingo yenyewe inatetemeka kwa masafa hayo na kuinyang'anya nguvu. Ukibana kipande kizito cha chuma kwenye kichwa, mahali hapo panahama kidogo. Wapigaji wengi huichukua noti hiyo kwenye uzi wa D freti tano juu zaidi, na kwenye rumba, ambako noti fupi ndizo zinazochezesha, hata haisikiki.

Kwa kwaya inayopenda kushuka hadi D au E flati ya chini, kumbuka hii ni ya nyuzi nne. Kushusha uzi wa E hadi D kunawezekana ukiwa na nyuzi za 105, lakini anayehitaji hizo noti kila Jumapili anunue ya nyuzi tano tangu mwanzo. Na chukua mkanda mpana wa ngozi wenye upande wa ndani usioteleza. Mwili huu ni mwepesi, na kwenye mkanda wa nailoni kichwa kinaweza kushuka, mkono wa kushoto ukageuka nguzo badala ya kupiga.