Stempu au chai, ipi iliwasha moto wa vita vya uhuru vya Marekani dhidi ya Uingereza?
Ukiuliza watu wengi watakutajia chai tu, ila mi naona kodi ya stempu ya 1765, ambayo Uingereza iliyatoza makoloni yake ya Marekani, ndo iligusa wengi zaidi, maana ilipiga magazeti, hati za mahakamani, leseni, mpaka karata za kuchezea (karata jamani!), watu wakasusia bidhaa za Uingereza na 1766 ikafutwa. Sheria ya chai ya 1773 ni kesi nyingine kabisa, bei yenyewe ilishuka, ila ushuru wa peni 3 kwa ratili ukabaki palepale na kampuni moja (East India ya Uingereza) ikapendelewa, ndo Boston wakatupa makasha 342 baharini. Kwenye stempu London walirudi nyuma, kwenye chai wakakaza, 1774 wakafunga bandari ya Boston, na Aprili 1775 risasi za kwanza za vita zikalia Lexington, karibu na Boston.