Taima ya duara jekundu: zawadi niliyomnunulia mume wangu mwenye ADHD, miezi mitatu baadaye

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo nipo jikoni msishangae, nyuma yangu hapo kuna maharage yanachemka na yana kazi kwenye hii vidio, mtaona mbele. Kabla sijaanza, wale mnaoniuliza kila siku kuhusu ile blenda ya vidio iliyopita, jamani nilishasema msinunue, mimi mwenyewe nimeshaigawa, tusonge.

Leo ni hiki hapa. Ukikiona haraka haraka utasema saa ya mezani ya mtoto wa chekechea, na ndivyo mume wangu alivyosema siku ya kwanza, tena kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, nitawasimulia. Ni taima, ila hii haihesabu namba, inaonyesha. Plastiki, inaenea mkononi, betri moja ile ya rimoti, basi, mambo ya uzito na sentimita kasomeni kwenye boksi.

Nimeileta kwa sababu toka niseme humu kwamba mume wangu, baba Zuhu, ana ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza umakini na kupanga muda wake, inboksi yangu imejaa wadada, na makaka wawili watatu, swali ni lile lile: dada, mwenzangu naye kaambiwa hivyo hivyo, nimpe zawadi gani? Namjibu kila mtu kivyake mpaka vidole vinauma, sasa leo nimalize.

Haya angalieni, nasogeza kamera. Huu ndio uso, namba zinaanza sifuri mpaka sitini, ni dakika hizo. Nashika hiki kitufe cha katikati, nakizungusha taratibu... mnaona wekundu unavyochomoza? Kama mtu anafunua kipande cha tikiti. Tano. Kumi. Ishirini. Nikienda mpaka sitini duara lote linakuwa jekundu. Narudisha, naweka nane, maana nimebakiza kama dakika nane nitie tui zito. Naachia. Imeshaanza hiyo. Hamna kubonyeza chochote, hamna menyu, ukiachia imeanza.

Na utamu wote uko hapo, kwa hiyo nivumilieni nikae hapa kidogo. Ule wekundu unapungua wenyewe, polepole, hausikii kitu, ila ukigeuka baada ya muda unakuta kipande kimekuwa chembamba. Sasa mnisikilize. Mume wangu saa anajua kusoma, tena ana ya mkononi nzuri kuliko yangu. Shida ni kwamba kwake muda uko wa aina mbili tu, kuna sasa hivi na kuna bado. Ukimwambia tunatoka saa kumi na mbili na nusu, na muda huo ni kumi na mbili na robo, hiyo kwake ni bado, na bado ni bado tu, iwe robo saa iwe wiki ijayo. Anaingia bafuni anatoka anaanza kutafuta soksi anakuta redio iliyofunguliwa juzi anakaa chini na bisibisi. Halafu ghafla inakuwa sasa hivi, nyumba nzima inakimbia. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Russell Barkley ameiongelea sana hii, Waingereza na Wamarekani wana neno lao, ukilileta kwetu ni kama upofu wa muda. Siku nimelisikia hilo neno niliacha kufua nikakaa juu ya ndoo, maana miaka sita ya ndoa mimi nilikuwa naita dharau.

Kwa hiyo huyu mtu hata ukimwekea namba hazimwambii kitu. Ila kipande cha rangi kinachoisha mbele ya macho yake, hicho anakiona. Asubuhi naiweka pale kwenye kabati la televisheni, dakika thelathini, sisemi neno. Yeye mwenyewe anapita, anatupa jicho, anasema eeh nimebakiza kidogo hivi. Kidogo hivi! Mtu ambaye nilikuwa namwimbia "baba Zuhu muda, baba Zuhu muda" toka alfajiri mpaka sauti inakauka. Hapa Kimara, Dar es Salaam, ukichelewa dakika kumi asubuhi kituo cha mabasi ya mwendokasi siyo kile tena, umati wake mnaujua wenyewe, na ofisi yake iko Posta, katikati ya jiji.

Najua kuna mtu anaandika komenti sasa hivi, "si atumie taima ya simu". Ndugu yangu. Hebu kaa. Ili uweke taima ya simu lazima ushike simu. Akishika simu kuna grupu la WhatsApp la familia, kuna matokeo ya Yanga, kuna klipu ya mtu anatengeneza subwoofer kwa ndoo ya rangi, na ile taima haikuwekwa kabisa. Hata ikiwekwa, simu inakuja kumshtua mwisho, katikati hapo hakuna kitu. Hii inamwonyesha katikati. Ndiyo tofauti, na mimi naona ndiyo yote.

Wazo lenyewe siyo la jana. Kuna mama wa Kimarekani, Jan Rogers, miaka ya 1990 binti yake mdogo alikuwa anamuuliza kila dakika bado muda gani, bado muda gani, ndiyo akatengeneza hii ya duara jekundu, na ile orijino mpaka leo inaitwa Time Timer. Hii yangu siyo orijino, niseme ukweli. Ni ya kuigiza, haina hata jina, nimeitoa soko la Kariakoo. Orijino ukiagiza nje ukajumlisha na usafiri unaweza ukakaa chini ukajiuliza kama unampenda kiasi hicho.

Sasa siku ya kumpa. Nilikosea jamani, msirudie. Nilimpa siku ya bethdei yake. Nimefunga na karatasi inayong'aa, keki ipo, shemeji zangu wapo. Anafungua, kimya. Anaizungusha, ananiangalia, anasema, "Mama Zuhu, hii ya Zuhu au yangu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Usiku ndiyo akanieleza kwamba toka shule ya msingi kila mtu anayempenda anampa kitu cha kumrekebisha, mama yake daftari la ratiba, mwalimu kengele, na mimi nimeongeza langu. Iliniuma. Na daftari hata mimi nilishampa, mwaka juzi, lile la kava ya ngozi, kaandika siku tatu, ya nne nimelikuta chini ya sofa limejaa hesabu za waya.

Ikabidi nifanye ujanja. Nikaichukua nikasema basi ya kwangu, ya jikoni. Naiwekea maharage, naiwekea chapati, naiwekea Zuhu muda wa katuni. Haikupita wiki mbili namsikia, "mama Zuhu, naomba kile kidude chako mara moja". Mara moja hiyo ni miezi mitatu sasa. Kwa hiyo ushauri wangu, hii inunuliwe Jumanne, siku haina jina, iwe ya nyumba nzima. Bethdei mpe kitu anachokipenda. Mimi baadaye nikampa kile chuma cha kuchomelea waya wanachotumia mafundi redio, chenye moto wa kurekebisha, mwanaume karuka kama mtoto. Akikaa na hicho hadi saa nane usiku hali hanywi. Na hapo ndipo watu wanaponiambia "sasa huyo hana ADHD, mbona anatulia?" Siyo kwamba hatulii kabisa, shida ni kwamba hachagui atulie wapi. Daktari wa afya ya akili alipomhoji alitaka kujua mambo ya kabla hajafika miaka 12, tukampigia mama mkwe, mama wa watu akacheka kwenye simu, akasema huyo nimemnunulia begi la shule mara tano mwaka mmoja. Na kwa ninyi mnaonunua zawadi badala ya kumpeleka mtu kwa daktari, hapana, hiki ni kidude tu cha Kariakoo.

Wengine mmenitajia vile vitagi vya kutafutia funguo. AirTag ya Apple ilitoka 2021 na inasifiwa sana, lakini inataka iPhone, na inategemea simu za Apple za watu wanaopita karibu ndiyo ijue iko wapi. Mume wangu ana Android, mtaa mzima tuna Android, kwa hiyo tungekuwa na pambo la funguo la bei mbaya. Ya Samsung nayo inataka simu za kwake Samsung. Nikachukua moja ya bei rahisi isiyo na jina, inalia ukibonyeza kwenye simu, safi kabisa, mpaka siku alipopoteza sim

[pipipipipipi!]

Hiyo! Mmesikia? Subirini nitie tui. Subirini... nazima jiko... haya.

Sasa mmesikia ile sauti? Hiyo ndiyo naichukia. Niliwaambia naipa tisa kwa kumi? Sikuwaambia, nilikuwa nakuja huko, lakini sasa nashusha. Huku nyuma kuna swichi, njooni muone, imeandikwa sauti kubwa, sauti ndogo. Naweka kubwa, nazungusha dakika... ngoja nilete mpaka sifuri kwa mkono. Pipipipi. Naweka ndogo. Pipipipi. Kuna mtu kasikia tofauti? Mimi sijasikia! Swichi ni pambo. Ya kuzima kabisa haipo. Na mtu mwenye hali hii wengine kelele za ghafla zinawavuruga, baba Zuhu akiwa kazama kwenye kitu ile sauti inamtoa kwa hasira, siku moja aliifunika na mto. Nikaibandikia selotepu kwenye vile vitundu vya spika, tabaka tatu, ikapungua kidogo. Lakini afadhali hailii tik tik tik ikiwa inatembea, nilishika nyingine dukani ilikuwa inatikatika kama bomu, nikairudisha palepale. Mkienda kununua mwambieni muuzaji aweke betri muisikilize. Akikataa, ondoka.

Tulikuwa kwenye funguo. Kitagi kinalia ukiwa na simu, simu nayo ndiyo ilikuwa imepotea, kwa hiyo tumezunguka nyumba nzima tunatafuta kitu cha kutafutia kitu. Nikachoka. Nikaenda kwa mama wa vyombo pale njiani nikanunua sinia la alumini, shilingi 6,000, nikaliweka kwenye stuli mlangoni. Wazi, halina mfuniko, halina droo. Kwa sababu huyu mtu kitu kikiingia kwenye droo kimekufa, asichokiona hakipo duniani. Funguo, waleti, kitambulisho cha kazi, vyote kwenye sinia, puu. Na hapa naona aibu kidogo kwa sababu hii vidio ni ya taima, lakini nikiwa mkweli sinia ndilo limetusaidia kuliko taima. Halikosi betri. Mgeni akija anadhani tunakaribisha sadaka, sawa, liendelee kukaa.

Bei. Taima nilianziwa 40,000, nikacheka, nikaondoka hatua nne, nikaitwa, tukamalizana 28,000. Nimepita wiki iliyopita nikakuta ileile 35,000, nikauliza kwa nini, nikajibiwa dola. Kila kitu dola. Zaidi ya 30,000 kwa hii ya kuigiza msitoe, na hakikisheni mnaizungusha dukani kwa sababu kuna zenye kitufe kinakwama kwenye kumi na tano, unadhani inatembea kumbe imelala, na mtu aliyeiamini ndiyo kachelewa.

Nikiulizwa nampa ngapi, saba. Saba na nusu kama una selotepu nyumbani. Baba Zuhu! Baba Zuhu, njoo useme, kidude chako unakipa ngapi? ... Anasema nane. ... Anauliza kwani kiko wapi. Kiko hapa mezani mbele yangu! ... Eti alikuwa anataka ile betri aweke kwenye rimoti. Mnaona? Hii ni mara ya tatu, kwa hiyo mkinunua nunueni na betri za akiba mzifiche, siyo kwenye droo, mtazisahau wenyewe.

Tumebakiza watu wachache tufike elfu kumi kwenye chaneli, jiungeni, mwambieni na jirani. Vidio ijayo ni hedifoni zile za kuzuia kelele, nimeazima za aina mbili, moja nimeshaanza kuichukia. Acha nikaonje chumvi.