Uzoefu wangu: toleo jipya la eneokazi la Linux limenigusa mikono

Nimejizuia siku kadhaa ili hasira zishuke kabla sijaandika. Zimeshuka kidogo tu, kwa hiyo mtanivumilia.

Nimepandisha toleo la eneokazi, yaani ule uso wa madirisha na menyu kwenye kompyuta yangu ya Linux. Anayetaka kujua mandhari mpya zinafananaje na menyu imehamia upande gani, picha zake zimejaa kila mahali. Mimi nina jambo moja, nalo ni herufi tatu: mhj.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, kutwa nzima. Miaka kadhaa nyuma kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuniuma, kikauma hadi nikawa siwezi kufungua kitasa cha mlango. Nilitibiwa, nikapumzika, lakini kilichonirudisha kazini ni programu ndogo ya vifupisho. Ukiandika mhj, inafuta herufi zile na kuweka neno Mhojiwa, nukta mbili, na alama ya kufungua usemi. Ukiandika hsk, inaweka "haisikiki vizuri" ndani ya mabano pamoja na saa. Nina vifupisho zaidi ya mia mbili, nimevijenga kimoja kimoja, na kila kimoja ni maumivu niliyojiepushia. Nawaeleza haya ili muelewe kwamba sikasirikii kitufe kilichohamishwa.

Siku niliyopandisha toleo, mambo yalikwenda kama maji. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikapendeza. Tena nilifurahi kweli, kwa sababu skrini kubwa ya mezani na ile ndogo ya laptop zilikuwa hazijawahi kupatana ukubwa wa herufi. Ukiiridhisha moja, nyingine inakuumiza macho. Safari hii kila skrini ikakaa na kipimo chake bila mimi kugusa kitu. Nikasema hawa watu wamefanya kazi. Nikavaa visikizi, nikafungua rekodi, nikaandika mhj.

Ikabaki mhj.

Nikarudia. Ikabaki vilevile. Programu ya vifupisho ilikuwa imewaka, aikoni yake naiona pale juu. Nikaiondoa, nikaiweka upya. Nikaiondoa tena, nikafuta na mipangilio yake yote, nikaiweka mara ya tatu. Kilichonitia wazimu ni kwamba haikuwa imekufa. Ndani ya programu moja ya zamani ya kuhariri sauti, mhj ilifunguka kama jana. Nikirudi kwenye hati ninayoandika, kimya. Kompyuta ileile, kibodi ileile, vidole vilevile! Kitu kikifa kabisa utakizika uendelee na maisha. Kinachofufuka kwenye dirisha hili na kufa kwenye lile kinakumaliza usiku mzima, na mimi kilinimaliza usiku wawili.

Aliyenifungulia njia ni kiprogramu cha kale kinachoitwa xeyes. Hakina kazi nyingine, kinachora macho mawili yanayofuata mshale wa kipanya popote unapokwenda. Nikakiwasha, nikasogeza mshale juu ya ile programu ya sauti: macho yakaufuata. Nikausogeza hadi kwenye hati yangu: macho yakaganda, yakabaki yanatazama pale mshale ulipovukia mpaka. Nikaurudisha, yakaamka. Nilikaa nikifanya hivyo mara sijui ngapi, kwa sababu hapo ndipo niliona ukuta wenyewe kwa macho. Nikaandika echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kuuliza kikao changu ni cha aina gani, jibu likaja neno moja: wayland.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, X ndiyo mfumo uliokuwa ukichora madirisha na kupokea vitufe kwenye mashine zetu tangu zamani. Ulianzia chuo cha MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11, yaani X11, likatoka mwaka 1987. Ni mkubwa kuliko Linux yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1991. Wayland ilianzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili kuchukua nafasi yake, na tofauti yao kubwa kwa mtu kama mimi ni hii: ndani ya X11 programu yoyote inaweza kusikia kila kitufe unachobonyeza, hata kama dirisha lake liko nyuma. Ndani ya Wayland, kitufe kinapelekwa kwa dirisha ulilopo tu. Programu za zamani zinawekwa kwenye chumba chao kinachoitwa Xwayland, humo zinasikiana zenyewe kwa zenyewe, nje ya hapo hazisikii kitu. Programu yangu ya vifupisho ni ya X11. Ilikuwa imefungiwa chumbani na ile programu ya sauti, inafanya kazi kwa uaminifu kabisa, haijui kwamba dunia imehama.

Haya yote hayakuwa na shida zamani, maana kwenye skrini ya kuingilia palikuwa na alama ya gia. Unaibonyeza, unachagua kikao cha X11, unaendelea. Nilitoka, nikabonyeza gia. Chaguo lile halipo. Nikaenda kusoma maelezo ya toleo, aya baada ya aya zinasifu mandhari na uhuishaji wa madirisha, halafu huko chini kabisa, mstari mmoja: kikao cha X11 kimeondolewa. Mstari mmoja! Anayetegemea kikao kile kwa riziki alistahili kuambiwa kabla ya kubonyeza "pandisha". Programu ya kupandisha toleo ilinionya kuhusu chaji ya betri na nafasi ya diski. Ingeshindwa nini kutazama kwamba kila siku naingia kwa X11 ikaniambia, ndugu, hii unayotumia haitakuwepo tena?

Nikawaandikia watengenezaji wa eneokazi ripoti ya hitilafu. Niliiandika kwa adabu, nikaeleza hatua zote, nikaweka na jaribio la xeyes, nikataja hali ya mkono wangu kwa sentensi moja. Niliomba vitu viwili: onyo kabla ya kupandisha, na maelekezo ya njia mbadala. Jibu lilikuja siku hiyohiyo. "Si hitilafu. Badili mtindo wako wa kazi." Ripoti ikafungwa.

Badili mtindo wako wa kazi. Jibu lile nimelisoma mara nyingi kuliko inavyonifaa. Mimi sikuchagua mtindo, mwili wangu ndio ulinichagulia. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na ndivyo ilivyo: wenye viganja visivyouma waliamua mezani kwao, sisi tukapokea. Najua wengi wao wanajitolea, hawalipwi, na wanatukanwa kila siku na watu wasiojua hata kusema asante. Ndiyo maana niliandika kwa adabu.

Nikaamua kuhama. Xfce, eneokazi jingine la Linux, bado inaendesha X11 bila matatizo, nikaiweka, na ndani ya dakika chache mhj ikarudi. Nilikaribia kulia. Nilikaa humo siku mbili, na kama ningekuwa na skrini moja ningekuwa huko hadi leo, nisingeandika haya. Lakini zile skrini mbili zikaanza ugomvi wao wa zamani: kubwa inasomeka, ndogo herufi zake kama mchanga. Mkono ukapona, macho yakaanza. Kufikia jioni ya siku ya pili kichwa kilikuwa kinagonga.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitaka. Nina laptop nyingine ya zamani ambayo sijaigusa, bado iko X11 ile ya kale. Kwa hasira nilitaka nijithibitishie kwamba hofu ya watu wa Wayland kuhusu usalama, kwamba programu moja inaweza kusikiliza vitufe vya nyingine, ni maneno matupu. Nikafungua terminali, nikaandika xinput test-xi2 --root, amri inayoonyesha kila kitufe kinachobonyezwa kwa namba yake, bila kuomba ruhusa ya msimamizi, bila nywila. Kisha nikafungua kivinjari kwenye dirisha jingine na kuingia kwenye barua pepe yangu. Kwenye terminali namba zikaanza kumiminika. Detail: 38. Nikajaribu tena polepole, nikabonyeza a: 38. Nikabonyeza s: 39. Nywila yangu yote, kile kisanduku kinachoionyesha kama vidoti vyeusi, ilikuwa imelala pale kwa namba, na mwishoni 36, yaani Enter. Programu yoyote niliyowahi kuisakinisha ingeweza kufanya hivyo. Mimi ninaandika maneno ya watu waliohojiwa kwa ahadi kwamba majina yao hayatatoka. Baadhi ya mambo wanayosema, ningeyasema mimi nisingelala.

Kwa hiyo lazima niseme ukweli: waliofunga mlango ule walikuwa na haki. Nimekaa miaka na mlango wazi nikidhani ni dirisha la kupitishia upepo. Hilo limenituliza kuhusu uamuzi wenyewe. Kuhusu namna walivyoufanya, halijanituliza hata kidogo, kwa sababu mtu angeweza kunieleza hivyo kwa mistari miwili kwenye ile ripoti na ningemshukuru.

Sasa kwa mwenye tatizo kama langu, nilichopitia ni hiki. Kwanza nilijaribu ydotool. Yenyewe inajifanya kibodi ya pili kupitia /dev/uinput, kwa hiyo Wayland haiwezi kuikatalia. Inabidi sehemu yake iitwayo ydotoold iwe inaendeshwa nyuma na uipe ruhusa ya faili ile. Nikaipa njia ya mkato kwenye mipangilio: Ctrl, Alt na M. Mara ya kwanza ilifungua menyu na kufunga hati, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa bado vimeshikilia Ctrl na Alt wakati herufi zinaingia. Nikaongeza nusu sekunde ya kusubiri, ikatulia. Lakini nikatazama matokeo:

Mhojiwa: @

Kurasa kumi na moja, kila alama ya usemi imegeuka @. Kibodi yangu imepangwa kwa mtindo wa Uingereza, na ydotool inabonyeza vitufe kana kwamba kila kibodi duniani ni ya Marekani. Kitufe kinachotoa alama ya usemi kule, kwangu kinatoa @. Ningeweza kubadili mpangilio, lakini vidole vya miaka mingi havibadilishwi kwa amri, na nilikuwa nimeshachoka kuambiwa nibadili.

Kilichofanya kazi ni Fcitx5. Watu wengi wanaijua kama programu ya kuandikia Kichina na Kijapani, ila ndani yake kuna kitu kinaitwa QuickPhrase. Unatengeneza faili la QuickPhrase.mb ndani ya ~/.local/share/fcitx5/data, kila mstari kifupisho, nafasi, kisha maneno yake. Unabonyeza Super, kile kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi nyingi, pamoja na kile kitufe chini ya Esc, unaandika mhj, unathibitisha. Kwa kuwa maneno yanaingia kama maandishi yenyewe na si kama vitufe, @ haionekani tena. Kama eneokazi lako linatumia mkato uleule kubadilishia madirisha, kama langu, hamishia kwenye kitufe kingine. Mimi nimechagua F8, kidole kimoja tu.

Kurudisha sauti nyuma nikiwa ndani ya hati nako kulikufa siku ileile, lakini hilo lilipona haraka. Weka playerctl, kiprogramu cha kuamrisha kicheza sauti, nenda kwenye mipangilio ya kibodi, tengeneza njia ya mkato inayoendesha playerctl position 5-, basi, sekunde tano nyuma kutoka dirisha lolote. Hili ni bora kuliko nilivyokuwa nafanya zamani, nakiri.

Je, mpandishe toleo? Wiki iliyopita ningesema msithubutu. Juzi, nilipomaliza kuhamisha vifupisho vyote na skrini zote mbili zikasomeka, nilikuwa nimeanza kuandika kwamba pandisheni, usumbufu ni wa siku chache, na mtalala mkijua hakuna anayesikiliza kibodi yenu. Niliamini hivyo kabisa.

Jana nimefanya rekodi ya kwanza ndefu, ya saa moja na nusu, sokoni, kelele tupu. Vifupisho vyangu vya sasa vinataka mibonyezo mitano pale ambapo mitatu ilitosha, na hsk haileti tena saa, kwa kuwa faili lile linabeba maneno yaliyokwisha kuandikwa tu. Kila pasiposikika nimeandika saa kwa mkono, tarakimu sita na nukta zake. Nimehesabu: mara arobaini na moja. Nilipofika ya thelathini nilianza kutumia mkono wa kushoto peke yake, na leo naandika haya nikiwa nimefunga kitambaa. Kama viganja vyenu ni vizima, pandisheni. Kama ni kama changu, kaeni mlipo hadi toleo lijalo, na msikubali kuharakishwa na mtu.